Mkono Mweusi wa Dirisha na Kutu Iliyouzaa

Mikono myeusi ya madirisha imerudi kwa kishindo. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Uingereza, na siku hizi hata ya Nairobi na Dar es Salaam, huipamba kwa sifa za ukale na uungwana, na mnunuzi huachwa aamini kwamba akiufunga mkono huo kwenye dirisha lake ameingiza nyumbani kipande cha jadi ya Kiingereza. Jadi hiyo ipo kweli, ila si ile inayouzwa. Weusi wa mkono wa dirisha ulianza kama dawa ya kutu. Baadaye ukawa rangi ya nyumba za watu wa chini na ya vyumba vya uani, na ni mwishoni mwa karne ya 19 tu ndipo wasomi na wasanifu majengo walipoutoa uani na kuuweka mbele ya nyumba kama pambo. Anayeifuata njia hiyo yote ataona kwamba swali la kuuliza dukani linahusu kilichofunikwa na weusi: ni chuma gani, na kinalindwa na nini. Rangi huja baadaye.

Tuanze na chuma chenyewe. Mwaka 1496 mojawapo ya matanuri makubwa ya mwanzo ya kuyeyushia chuma nchini Uingereza lilijengwa Newbridge, kwenye msitu wa Ashdown, na kwa zaidi ya miaka mia iliyofuata eneo hilo la Weald ndilo lililoongoza kazi ya chuma nchini, kwa kuwa madini, kuni na vijito vya kuendeshea mivukuto vyote vilikuwa mahali pamoja. Dirisha la nyumba ya mtu wa hali ya kati wakati huo lilikuwa fremu ya mti wa mwaloni iliyogawanywa nafasi nafasi, na kila nafasi ilijazwa vioo vidogo vilivyoshikanishwa kwa vipande vya risasi. Nafasi nyingi hazikufunguka kabisa. Moja, pengine mbili, ndizo zilizotiwa fremu ya chuma yenye bawaba, na hiyo ndiyo iliyohitaji kitu cha kushika na kufungia. Mhunzi alichukua ufito, akautia motoni mpaka ukawa wa rangi ya chungwa, akaugonga juu ya fuawe mpaka ncha ikawa nyembamba, kisha akaizungusha kwenye pembe ya fuawe ikaviringika. Umbo hilo Waingereza hadi leo huliita mkia wa tumbili. Urembo ulikuwemo, lakini hata sababu ilikuwepo: ncha kali ya chuma hukwaruza kiganja na kunasa mikono ya nguo, na kuikunja ni haraka kuliko kuisugua kwa tupa. Upande wa pili wa ufito ulibanwa ukawa bapa, ukatobolewa tundu la kuzungukia, na kuachiwa ulimi mfupi wa kujificha nyuma ya mwimo dirisha linapofungwa.

Chuma kinachotoka motoni hakitoki cheupe. Kingali cha moto, hewa hukivika ngozi nyembamba ya oksidi, nyeusi yenye ukijivu, na mtu asiyeijua kazi hii angeweza kudhani ngozi hiyo yatosha. Haitoshi, maana ina nyufa zisizoonekana kwa macho, na unyevu ukishapenya humo kutu huanza chini kwa chini. Kwa hiyo mhunzi alingoja mpaka wekundu wote uishe lakini chuma kiwe bado na joto la kuunguza, ndipo akakipaka nta ya nyuki au mafuta ya kitani. Moshi ukafuka, mafuta yakaungua nusunusu, yakaingia kwenye nyufa na kugeuka utando mgumu mweusi. Kipimo chake ni jicho na uzoefu: chuma kikiwa moto mno mafuta huteketea yote, kikipoa mno hubaki yakinata na kuokota vumbi. Utando huo ulilinda pande mbili kwa pamoja, kwa sababu mwaloni una tanini nyingi, dutu ya jamii moja na ile iliyofanya magome ya mikoko ya Rufiji yasafirishwe kwa wingi kwenda viwanda vya ngozi ng'ambo. Chuma kitupu kikigusana na mwaloni wenye unyevu, tanini hukila, na ubao nao hutoka madoa ya buluu iliyokolea inayoelekea weusi. Wino wa hati nyingi za kale za Ulaya ulitokana na mkutano huohuo wa tanini na chumvi ya chuma. Fundi hakuwa na haja ya kuijua kemia yake, madoa yalimtosha.

Hapa atatokea mtu wa kupinga. Atasema: nendeni kwenye majumba ya kale ya Uingereza na kwenye makumbusho, vyuma vyote vya milango na madirisha ni vyeusi, mtasemaje basi kwamba weusi haukuwa chaguo la watu wenye fedha? Ushahidi huo una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba tunachokiona leo ni chuma kilichokwisha kupitiwa na miaka mia tatu au nne ya moshi wa mekoni, mafuta ya mikono, na matabaka ya rangi ya watu waliokuja baadaye, ambao wengi wao walikuwa tayari wameshaamini kwamba chuma cha kale sharti kiwe cheusi. Ya pili ina uzito zaidi. Katika karne ya 16 na 17 vyuma bora vya nyumba za matajiri vilichovywa bati la kuyeyuka, vikatoka vyeupe vya kumetameta karibu na fedha, na vingine vilipakwa rangi. Mabaki ya bati hilo bado hupatikana chini ya weusi wa bawaba na makomeo ya kale, hasa kwenye pembe ambazo vidole na brashi havikufika. Mwenye uwezo alinunua weupe. Weusi wa nta ulikuwa wa yule aliyelipia kazi ya mhunzi wa kijijini na kuishia hapo.

Kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 17 mambo yalizidi kuuendea vibaya mkono wa chuma. Dirisha la kupandisha na kushusha, lenye kamba na vizito vilivyofichwa ndani ya fremu, lilianza kwenye majumba ya kifalme na ya makabaila, likashuka hadi kwa wafanyabiashara, na kufikia katikati ya karne ya 18 ndilo lililokuwa uso wa kila nyumba iliyojiheshimu mjini. Sheria za ujenzi za London za 1709 na 1774, zilizotungwa kwa hofu ya moto, zilidhibiti namna fremu zake za mbao zinavyokaa ukutani; hazikumzuia mtu kulitumia. Dirisha la namna hiyo halina bawaba, kwa hiyo halihitaji mkono wa kuzungusha. Kilichotakiwa ni kifungio kidogo mahali fremu mbili zinapokutana, na kifungio hicho kilitengenezwa kwa shaba ya manjano, iliyosuguliwa na mtumishi mpaka ikang'aa. Dirisha la bawaba na mkono wake mweusi lilibaki kwenye vibanda vya mashambani, mazizini, na nyuma ya nyumba palipo jiko na sehemu ya kufulia. Mtu wa mwaka 1780 aliyeona shaba mbele na chuma cheusi nyuma alijua mara moja ni wapi panapokaa mabwana na wapi wanapofanya kazi watumishi. Anayesema leo kwamba chuma cheusi ni alama ya nyumba za kifahari za enzi hizo ameigeuza nyumba nyuma mbele.

Viwanda viliubadilisha weusi kabla ya kuubadilisha mkono. Huko Pontypool, Wales, familia ya Allgood ilijipatia jina kwa kupaka mabamba ya chuma vanishi nyeusi na kuyaoka tanurini, wakiiga kazi za laka zilizokuwa zikija kutoka Asia ya mashariki. Ufundi huo ukahamia Bilston, Wolverhampton na Birmingham, na ndani yake kulikuwa na lami ya asili iliyoyeyushwa na mafuta ya kitani. Msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu bila kujua, kwa maana weusi wa cherehani za zamani za Singer, zile zenye maandishi ya dhahabu ambazo bado zinakanyagwa vibarazani, ni wa ukoo huohuo. Wakati huohuo viwanda vya kumimina chuma kwenye kalibu, kama kile alichokianzisha Archibald Kenrick mjini West Bromwich mwaka 1791, vilianza kutoa bawaba, vishikio na vyombo vya nyumbani kwa maelfu. Chuma cha kalibu ni rahisi lakini hakikunjiki. Ukikipiga sana huvunjika. Mkia wa tumbili uliomiminwa ni sura ya mkunjo ambao haukuwahi kukunjwa. Vitu hivyo vilichovywa vanishi nyeusi kwa sababu ndiyo iliyokuwa kinga ya bei nafuu, ileile sababu ya mhunzi wa Weald, ila sasa imepimwa kwa hesabu za kiwanda.

Mgeuko mkubwa ulitokea pale watu walipokichoka kiwanda. Msanifu majengo Philip Webb alimjengea mbunifu William Morris nyumba iitwayo Red House, huko Bexleyheath, mwaka 1859 na 1860, na mwaka 1877 Morris na wenzake wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale, wakipinga mtindo wa kuyakwangua na kuyafanya mapya. Kutokana na fikra hizo lilizaliwa kundi zima la wasanifu waliokwenda vijijini kutazama kile ambacho babu zao walikiona cha kimaskini. Charles Voysey alirudisha madirisha ya bawaba yenye vioo vya risasi, akachora mwenyewe mikono na bawaba zake, zikatengenezwa na kiwanda cha Thomas Elsley. Ernest Gimson, aliyehamia Sapperton kwenye vilima vya Cotswold, alimtumia mhunzi Alfred Bucknell, na kazi zao za chuma hadi leo ni kati ya bora zilizowahi kufuliwa nchini humo. Kwa watu hawa alama za nyundo zilionyesha kwamba mtu, na siyo mashine, ndiye aliyekifanya kitu, na weusi ulikuwa uthibitisho kwamba chuma kimetoka motoni na hakijafichwa. Napenda kazi zao. Lakini nyumba zao zilikuwa za wenye nafasi, na kwa mkono wao rangi ya uani ilihamia sebuleni kwa mara ya kwanza. Kati ya vita viwili vya dunia zilijengwa nyumba zipatazo milioni 4 Uingereza na Wales, nyingi katika vitongoji vipya, na mafundi wa biashara wakachukua walichokichora Voysey na Gimson, wakakimimina kwenye kalibu, wakakichonga alama za nyundo za bandia, na kukiuza kama cha zama za wafalme wa Tudor. Kumbukumbu inayouzwa dukani leo imetoka hapo. Umri wake haujafika miaka 150, na sehemu kubwa yake ni ya miaka ya 1920 na 1930.

Kuna wanaotetea ukale kwa njia nyingine, wakionyesha fremu nyembamba nyeusi za chuma ambazo sasa zinaigwa kwa alumini kila mahali. Hizo nazo zina hadithi yake. Francis Henry Crittall, wa duka la vyuma mjini Braintree, Essex, alianza kutengeneza madirisha ya chuma mwaka 1884, na kampuni ya familia ilikua hata ikajenga kijiji chake, Silver End, mwaka 1926. Lakini madirisha hayo yalipakwa rangi kama ubao ulivyopakwa, mara nyingi nyeupe, krimu au kijani, na mikono yake ilikuwa ya shaba au ya chuma kilichopigwa rangi moja na fremu. Madirisha ya muundo huo yalifika Afrika Mashariki zama za ukoloni, kwenye nyumba za watumishi wa serikali, shule, hospitali na stesheni, na baada ya uhuru mafundi wetu wa kuchomelea wakayatengeneza wenyewe: kioo kwa puti, mkono mfupi wa kuzungusha, na ule ufito wenye matundu wa kushikilia dirisha lisipigwe na upepo. Yeyote aliyekaa kwenye nyumba za namna hiyo Tanga, Mombasa au Unguja anajua yanavyokufa. Kutu hukaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inapoota kwenye kona chini ya puti husukuma, na kioo hupasuka bila kuguswa na mtu. Mkono nao hukwama kwenye pini yake, mwenye nyumba huulazimisha, na unakatika. Rangi ya juu ilikuwa nzuri siku zote hizo.

Sasa tufike kwenye mkono wa dukani. Mwingi haukufuliwa, wala si wa chuma. Umemiminwa kwa aloi ya zinki au kwa alumini, kisha ukanyunyiziwa rangi ya poda inayoshikamana kwa umeme na kuokwa kwenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Weusi wake hauna kazi yoyote ambayo weupe usingeifanya. Poda ya rangi yoyote ingeukinga vilevile. Hapo ndipo mpinzani wa mwisho, aliye hodari kuliko wote, anapouliza: kama ni hivyo, historia yote hii ya nini? Mtu anapenda weusi, aununue. Nami sina ugomvi na mapenzi yake. Mkono mweusi kwenye ukuta mweupe unapendeza, na haumlazimu mtu kuwa na sababu. Historia inaingia pale muuzaji anapoitumia kama dhamana, kwa kudokeza kwamba kilichodumu miaka 300 kitadumu na kwako. Kilichodumu miaka 300 kilikuwa chuma kigumu chenye unene wa kidole, kilichopakwa nta upya kila kilipochakaa, ndani ya nyumba iliyo mbali na bahari. Mkono wa zinki una utando usiozidi sehemu ndogo ya milimita, na kazi yake ni kushikwa kila siku na vidole vyenye pete na funguo. Ukikwaruzika Nairobi, utakaa miaka. Ukikwaruzika Bagamoyo, chumvi huingia chini ya rangi na kuibandua kutoka ndani, vipovu vinatokea, na hakuna nta inayoweza kuurudisha. Ulaya wana kipimo cha jambo hili, EN 1670, kinachoweka vifaa vya milango na madirisha kwenye ukungu wa maji ya chumvi: daraja la 4 ni saa 240, daraja la 5 ni saa 480. Muuzaji anayelijua daraja la mkono wake amekwambia jambo la maana zaidi ya yule anayekutajia karne.

Chuma kilichofuliwa na kupakwa nta bado kinapatikana, na kina faida moja ambayo poda haina: hutengenezeka. Kutu ikianza, unaisugua kwa sufi ya chuma, unakipasha moto kidogo, unapaka nta tena. Kwa nyumba ya bara yenye mwenyewe anayependa kuhangaika, ningechagua hicho. Kwa nyumba ya pwani ningechukua chuma kisichoshika kutu, kilichotiwa weusi kiwandani, au shaba iliyotiwa weusi, ambayo ikikwaruzika huonyesha manjano badala ya kuoza. Watakaosema kwamba shaba si jadi wakumbushwe kwamba shaba ndiyo iliyokuwa mbele ya nyumba.

Kufunga nako kumebadilika pamoja na chuma. Mkono wa mhunzi haukutobolewa kwa mashine, kwa hiyo matundu yake hayalingani na ya mwenzake. Dirisha hufungwa kwanza, mkono ukashikiliwa mahali pake ulimi ukiwa umebana, na alama zikatiwa kwa penseli kupitia matundu yenyewe. Mikono ya madirisha ya kisasa, inayozungusha komeo lililofichwa ndani ya fremu, imekubaliana vipimo: mara nyingi skrubu mbili zilizoachana milimita 43, na pini ya mraba ya milimita 7 katikati. Kinachotofautiana ni urefu wa pini, na hapo ndipo wengi hukosea, maana ikiwa fupi haishiki komeo, ikiwa ndefu mkono haulali vizuri kwenye fremu. Mikono iliyopinda ina ya kulia na ya kushoto, haibadilishani. Kwenye mbao ngumu kama mvule au mninga, tundu dogo la kuongoza skrubu hutobolewa kwanza, la sivyo ubao hupasuka au kichwa cha skrubu hukatika ndani. Na skrubu zenyewe ziwe za chuma kisichoshika kutu hata kama mkono ni wa bei rahisi. Bisibisi hukwangua weusi wa kichwa cha skrubu siku ileile ya kufunga, na skrubu ya chuma cha kawaida itaanza kutoa kutu hapo hapo, itiririke kwenye mkono, kisha kwenye ukuta. Tone la rangi nyeusi kwenye kila kichwa, likipakwa kabla fundi hajaondoka, huficha mkwaruzo. Kazi ya kuzuia kutu inafanywa na skrubu yenyewe.